Mjomba wa Kahawa ya Kutafuna

Juzi, stendi ya Kayanga, mzee mmoja anayelala nje alininyooshea mkono. Nikiwa bado napapasa mfukoni, nikakumbuka mchana mmoja wa utotoni nyumbani kwa bibi.

Ndizi zilikuwa zikinukia jikoni. Mtu mwenye koti lililochanika akapiga hodi, akaomba chakula. Bibi akamkaribisha ndani, akamletea kile kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ambayo kwetu hupewa wageni. Nikaamini huyu ndiye mjomba anayeishi Bugomora, niliyekuwa nikisikia habari zake tu.

“Shikamoo, mjomba!”

Akaacha kutafuna. “Marahaba, mwanangu.”

“Mletee mjomba wako maji anawe,” bibi akasema.

Miaka ikapita ndipo mama akaniambia yule hakuwa na ndugu wala pa kulala.

Pale stendi nikasema, “Shikamoo, mzee.” Akaushusha mkono kwanza, ndipo akaitikia.