Mama Salome, udongo ule haukuwa umelala

Mpaka saa hii naona kama watu wananidanganya. Mama Salome wangu, yule mwenye bendera nyekundu pale yadi ya malori Garsen, tumemzika jana.

Nimewatoa watoto nje nikae na simu peke yangu, niwaandikie. Nikiacha katikati sitasema tena.

Madereva, nyinyi mlimjua kwa bendera. Mimi nilimjua kwa jembe, mwanamke wa mtoni, kabla site ya kujenga ile yadi haijatuita sote wawili.

Tulianza siku moja. Tulipewa fagio, tufagie vumbi kabla lami haijamwagwa kwenye ile yadi, jua kichwani, lami ya moto miguuni. Yeye akasema leo tunapaliwa kama wali, moto chini, moto juu.

Siku ya tatu alikanyaga lami mbichi, ndara ikabaki humo. Mguu ukatoka malengelenge. Nikautia kwenye beseni la maji, mimi nalia, yeye anacheka. Rola ikapita juu ya ndara. Akasema tajiri mwenye yadi akimfukuza siku moja, atarudi kudai ndara yake.

Kila asubuhi nilimuuliza amekula nini, amejifunika kichwa au la. Aliniita Mama Hofu. Mimi ndivyo nilivyo, naogopa kila kitu.

Sasa niseme kilichonileta.

Kwetu mto ukishuka, hupandi hivi hivi. Unachomeka mpini wa jembe ardhini, unauchomoa, unakwenda kumwamkia jirani, ukirudi unaangalia lile shimo. Likiwa na maji, udongo bado haujalala. Unangoja.

Kabla lami haijafika kona ya chini, karibu na godauni, Mama Salome alichomeka mpini hapo. Maji yakaja. Yeye hakushangaa, bibi yake alilima mpunga hapo hapo zamani, mkono wa mto ulipokuwa unapita.

Akamwambia foreman. Foreman akawaita wenzake, njooni mwone injinia wa mpunga. Siku nzima ikawa ndilo jina lake. Mtu akitaka maji ya kunywa, anamuuliza injinia kama kikombe kimelala.

Kesho yake akaja injinia mwenyewe, kijana mpole. Akatuuliza kwa heshima, mama zangu, nyinyi ni wenyeji, hapa palikuwa nini?

Foreman alishatuonya. Udongo ule ukichimbwa upya, mashine ndiyo itakayofanya kazi, sisi wa fagio twende nyumbani. Mimi nyumbani nilikuwa na watoto wanne na unga wa siku mbili.

Mama Salome akafungua mdomo. Nikamuwahi.

"Palikuwa pakavu, mwanangu. Ng'ombe walikuwa wanapita tu hapa."

Akaandika. Niliiona kalamu ikitembea na uongo wangu.

Jioni tulitembea mpaka njia panda. Nilingoja anitukane. Akaniambia, "Mama Esther, mto hausomi daftari." Halafu akakata hamri lake, nusu akanipa mimi. Hakulitaja tena jambo lile, hata siku tulizokosana.

Lami ikatoka nyeusi, nzuri. Kontrakta akaenda zake. Tajiri alipenda vile Mama Salome anavyowapigia madereva kelele, akampa fulana ya reflector na bendera, awe anaongoza malori yakirudi nyuma. Mimi akaniacha niweke jiko la chai pale pembeni. Kwa hiyo sote tumekula juu ya lami ile.

Mvua ikaja. Mto ukapanda mpaka mlango wa godauni, ukakaa, ukashuka. Juu lami ilikuwa kavu, inang'aa, watu wakaisifu. Chini yake mto ulikuwa umekula udongo, na hakuna aliyeangalia. Mimi nilijua pa kuangalia, nikachemsha chai.

Jumatatu lori la saruji lilikuwa linarudi nyuma kona ile ile. Mama Salome anapunga bendera, anamwambia dereva lete, lete. Mimi natia sukari. Lami ikakatika kama mkate mkavu, tairi la nyuma likazama, lori likalala upande aliosimama yeye.

Mkono tu ulikuwa nje. Tulitoa mifuko ya saruji mmoja mmoja. Mingi ilikuwa imepasuka, na shimoni mlikuwa na maji. Saruji ikikutana na maji haingoji mtu. Sitaeleza zaidi.

Mazishini tajiri alileta sukari, akasema ni mipango ya Mungu. Watu wakaitika amina. Mimi pia niliitika.

Leo asubuhi ameniita. Shimo limeshajazwa kokoto na lami juu yake, malori yanaingia. Akanipa reflector ya Mama Salome, imefuliwa, imekunjwa. Akasema kesho nianze, kazi naijua.

Nikamwambia yote. Mpini, mpunga, maji, na mimi.

Akanitazama, wala hakukasirika. "Si uliulizwa?"

Akarudi kwenye simu yake. Ile reflector nimeiacha mezani kwake.

Salome mwanangu, najua unasoma huku. Nimekuja mlangoni kwako mara mbili tangu tumzike, nikasikia unalia, nikarudi. Mama yako alijua, alitaka kusema, na mimi ndiye niliyemfunga mdomo. Alininyamazia mpaka amekufa ili mimi nisiaibike. Ukitaka kunifungia mlango, funga. Nisingetaka uyasikie kwa watu.

Na wewe Mama Salome. Tumekuzika juu, kwenye mchanga, mbali na mto. Kabla hawajakushusha niliomba jembe, nikachomeka mpini pembeni ya kaburi. Sikuwa na jirani wa kumwamkia, nikakuamkia wewe. Nililitazama lile shimo mpaka wakanishika mkono.

Palikuwa pakavu. Safari hii sijadanganya.

Lala pakavu, injinia wangu.