Simu Iliyoingia Masikioni mwa Wivine

Wivine hakuwa mtu wa kutulia. Hata akiwa ameketi kwenye cherehani anafikiria mkato wa kitambaa, mguu wake mmoja ulikuwa ukitikisika. Wanawake wa Mangobo, mtaa wake mjini Kisangani, walimpendea hilo: ukimletea kitambaa asubuhi, jioni blauzi inaning'inia mlangoni. Mume wake, Glodi, alizoea kuwaambia watu kwamba yeye hakuoa mwanamke, alioa maporomoko ya maji.

Chumba cha kushonea alikitumia pamoja na rafiki yake Chantal, na nyuma ya ukuta kulikuwa na mashine ya kusaga mihogo. Ilinguruma tangu watu waamke, na unga wake mweupe ulipenya hadi kwenye sindano. Kushona na kelele ile kuliwezekana. Kuongea kwa simu hakukuwezekana. Kila simu ilipolia Wivine alitoka mbio mpaka kwenye kona ya barabara, kidole kimoja sikioni, akipayuka mpaka wapita njia wakayajua mambo yake yote. Ndiyo maana Glodi, fundi wa simu sokoni, alimletea casque ya kuvaa masikioni isiyo na waya, kubwa, nyeusi, yenye masikio laini. Aliijaribu kwanza kwa simu yake mwenyewe, akaona inafanya kazi vizuri, ndipo akamvalisha mkewe.

"Ukifinya hapa, muziki inasimama," akamwonyesha. "Simu ikiingia, unafinya hapa hapa, unaongea. Mikono inabaki kwa kazi."

Tangu siku ile ilikuwa nadra kumwona bila casque. Rumba ikipiga, pedali inakimbia. Mteja akipiga simu kuulizia gauni, Wivine anamjibu huku mkasi ukitembea. Wengi walidhani ameipenda kwa sababu ya kelele za mashine. Kelele zilikuwa sababu moja tu.

Mwaka uliotangulia, habari za kifo cha mama yake zilimfikia kwa simu, pale pale kwenye kona, akiwa na mimba changa. Baada ya majuma machache mimba ikatoka. Daktari alisema huenda mambo hayo mawili hayana uhusiano. Watu wa nyumbani hawakumsikiliza daktari. Waliamua kimya kimya kwamba Wivine haambiwi tena jambo baya, na sasa alipokuwa mjamzito kwa mara ya pili, wakazidi. Akiingia mahali, mazungumzo yalikatika kama uzi mbovu. Kila aliyempigia kutoka kwao Yanonge, ukingoni mwa mto, alisema, "Tuko bien," tuko salama. Maji ya mto yamejaa hadi jikoni, tuko bien. Muziki ulimsaidia asisikie jinsi watu wanavyonyamaza.

Basi Jumapili moja, kabla ya misa, Wivine alikuwa nyumbani anapiga pasi. Pasi yenyewe ilikuwa ya makaa, maana umeme ulikuwa umerudi kwa shida na ulitosha kuchaji simu tu. Simu ya Glodi ilikuwa ikichajiwa ukutani. Mwenyewe alikuwa anaoga nyuma ya nyumba. Muziki ukakatika masikioni, mlio wa simu ukaingia, na Wivine, akidhani anapigiwa yeye, akafinya.

"Bokilo," ilisema sauti, na Wivine akaitambua: kaka yake Cyprien. Lakini Cyprien hawezi kumwita dada yake bokilo. Hilo ni jina la shemeji. "Bokilo, papa iko anakataa tu. Docteur amesema mguu inaoza, lazima wakate, sinon tutamupoteza. Tuko tunamuomba kila siku. Wivine asijue, eh? Na ile mimba... Bokilo? Allô? Allô?"

Cyprien akaulaani mtandao, akakata, na ile rumba ikarudi ilipoachia, kana kwamba hakuna aliyesema neno.

Kumbe casque ilikuwa bado inaikumbuka simu ya kwanza iliyojaribiwa nayo, ile ya Glodi.

Harufu ya kuungua ilimwingiza Glodi ndani, maji yakimtiririka. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati lake la misa. Wivine alingoja afoke. Alitamani afoke. Glodi alilitazama shati, akamtazama tumbo.

"Hakuna problème," akasema taratibu. "Keti. Pumzika."

Kisha akachukua simu yake, akaona nani amepiga, akatoka hadi kwenye ua wa mianzi. Wivine alikuwa ameshaizima casque, ameishika mkononi. Glodi aliporudi akasema, "Cyprien anakusalimia. Wako bien."

Kwa nini hakusema pale pale kwamba amesikia? Alijiuliza swali hilo siku zilizofuata, na kila mara alipata jibu tofauti. Aliona kwamba akisema, watamlaza kitandani kama mgonjwa na kumwondolea hata mkasi. Aliona pia kwamba huenda wana haki. Kila alipofikiria mguu wa baba yake, mkono ulishuka tumboni wenyewe kuangalia kama mtoto bado anacheza. Akicheza, Wivine alishukuru. Asipocheza kwa muda kidogo, jasho lilimtoka. Hakuweza kukaa wala kusimama. Alifagia mahali palipofagiliwa. Alikwenda sokoni kununua sombe, majani ya mihogo, akarudi na chumvi.

Kazini, Chantal aliinua blauzi ya mteja, akaigeuza mara mbili.

"Wivine, hii mikono mbili yote ni ya kuume. Huyu mama ataivaa namna gani?"

"Nitafumua."

"Jana pia ulifumua. Iko nini?"

"Hakuna kitu. Tuko bien," akasema Wivine, na alipojisikia akitamka neno hilo alishikwa na hasira hata akakata uzi kwa meno.

Alimpigia baba yake. Papa René alikuwa mvuvi wa Yanonge tangu ujana wake, mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi kama wengine wanavyosimama sebuleni.

"Uko wapi, papa?"

"Niko kwa mto, mama. Samaki iko mingi." Ndivyo alivyomwita binti yake tangu utotoni: mama.

Lakini nyuma ya sauti yake Wivine alisikia ufagio ukipita juu ya saruji, na jogoo akiwika karibu sana. Ndani ya casque mambo madogo kama hayo yalisikika wazi. Hakuna jogoo katikati ya mto. Akamtakia kazi njema, akakata, akalia kidogo, akaendelea kushona.

Tangu hapo akaanza jambo ambalo hakujivunia. Glodi akiwa karibu, alivaa casque bila muziki, akatega sikio. Alikuwa binti wa mvuvi, alijua kungoja ndoana. Mara nyingi ilimletea wateja wa Glodi tu. Mmoja alilalamikia kioo cha simu mpaka akakaribia kulia. Wivine alimsikiliza hadi mwisho, aibu ikimchoma masikio.

Jumamosi mvua ilinyesha. Glodi alikuja kumchukua mkewe kazini, akajikinga chini ya ukingo wa bati nje, maana ndani palijaa vitambaa vya harusi. Mashine ya mihogo ilinguruma nyuma ya ukuta. Simu yake ikalia mfukoni. Wivine aliisikia masikioni mwake kabla hajamwona Glodi akiitoa. Glodi akagusa kioo, akaweka simu sikioni.

"Allô? Allô?" Hakusikia kitu. Akaziba sikio la pili, akasogea hatua chache, akidhani ni kelele.

Sauti ilikuwa imeingia kwa Wivine.

"Glodi, usiseme kitu, usikie tu." Alikuwa Papa René, akihema kidogo. "Niko na simu ya infirmière, huyu muuguzi. Cyprien ameenda na yangu kutafuta chakula, njo nimepata nafasi. Munaniambia kila siku nikubali docteur akate. Bon. Lakini mimi nataka kuongea na binti yangu mbele ya kukatwa. Si kumuaga. Nataka kumuuliza. Wakati mama yake alikuwa, mambo makubwa nilikuwa namuuliza yeye. Sasa nimuulize nani? Cyprien analia tu."

Wivine alishika ukingo wa meza.

"Papa."

"Nani huyo?"

"Ni mimi. Wivine."

"Nimepigia Glodi..."

"Najua. Imeingia kwangu. Papa, mambo ya mguu niko najua. Tangu Jumapili niko najua."

"Na mutoto?" akauliza Papa René. "Mutoto iko?"

"Iko. Anapiga teke."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, papa."

Nje, Glodi aligeuka. Simu ilikuwa kimya sikioni mwake, na kupitia mlango aliiona midomo ya mkewe ikisema. Akaelewa. Aliinua mkono kana kwamba anataka kuingia kuzuia jambo, kisha mkono ukashuka. Hakukumbuka hata kurudi chini ya bati.

"Niambie mguu iko namna gani," Wivine akasema. "Usiniambie bien."

Papa René akamwambia. Msumari wa mtumbwi ulimchoma chini ya wayo, hakujali, nani anajali msumari. Kidonda kikafunga, kikafunguka tena. Vidole vikawa vyeusi. Sasa kulikuwa na harufu, na yeye mwenyewe alilala akigeuzia uso dirishani ili asiisikie. Wivine alisikiliza yote. Kila alichokisikia kilimuumiza, na bado, kwa namna ambayo hakuweza kuieleza, kifua chake kilikuwa kinafunguka.

"Unaogopa nini, papa? Kisu?"

"Kisu hapana. Naogopa mtumbwi. Mutu anasimama ndani yake na miguu mbili. Nitaketi kwa mlango kama mzigo wa mihogo, wenzangu wanipite wakienda mtoni?"

"Na ukikufa, utasimama?"

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Papa René akakohoa, au akacheka; haikujulikana.

"Mama yako angesema vile vile."

"Basi nakuambia. Akate."

"Sema tena."

"Akate, papa. Mwambie docteur leo. Mimi nakuja."

Alikata simu. Alikuwa ameamuru mguu wa baba yake ukatwe, kana kwamba ni upindo wa sketi uliozidi. Glodi akaingia, amelowa.

"Ulikuwa unasikia simu zangu?"

"Na wewe ulikuwa unanificha papa yangu."

"Wivine, nilitaka mutoto abaki!"

"Mimi sitaki abaki? Munaniweka kama yai. Nimechoka kuwa yai!"

Chantal aliugeukia ukuta na kuanza kupanga vifungo ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Glodi alikaa juu ya gunia la mabaki ya vitambaa. Alipoongea tena ilibidi Wivine avue casque ili amsikie.

"Yule wa mwaka jana," akasema, "alikuwa wangu pia. Hakuna mutu aliniuliza. Wote walikuja kukuangalia wewe."

Ilikuwa kweli, hata Wivine hakumuuliza. Akasimama karibu naye, bila kujua aweke wapi mikono, mpaka Glodi akaishika yeye.

Kesho yake waliteremka mto kwa mtumbwi mrefu wa injini, maana barabara ya Yanonge, upande wa Lubunga ng'ambo ya mto, ingemtikisa vibaya kwenye pikipiki. Walipofika, kazi ilikuwa imekwisha. Papa René alilala chini ya shuka lililoinuka upande mmoja na kuanguka upande wa pili, homa imempanda. Siku zile Wivine alitembea katika korido ya hospitali mpaka wauguzi wakamsihi aketi, naye akaketi kidogo, akainuka tena. Cyprien alimfuata huku na huku akiomba msamaha, hadi akamwambia, "Wacha. Kuanzia sasa, niambie tu." Homa ikashuka polepole, ikajaribu kurudi, ikakubali kuondoka.

Mtoto alizaliwa Mangobo, msichana mwenye sauti kubwa. Papa René alikuwa ameshahamia kwao ili kidonda kisafishwe vizuri, na hakuwa mgeni rahisi. Alisema samaki wa soko la Kisangani wamekufa mara mbili. Alisema mashine ya mihogo inasaga hata mawazo ya mtu. Alijifunza magongo kwa hasira, akianguka na kukataa kuinuliwa.

Siku moja alidai apelekwe mtoni. Wivine akaacha kazi, akafunga mtoto mgongoni, wakaenda mpaka ukingoni walipokuwa wavuvi. Mmoja wao akakubali kumwazima mtumbwi mdogo. Wakamshusha ndani, akaketi sakafuni, kiuno kikiwa kimezama kati ya mbao, akasukuma. Mtumbwi ukazunguka. Akapiga maji upande wa pili, ukazunguka tena. Wavuvi wakaanza kumpigia kelele za kumwelekeza, naye akawatukana kwa Kilokele, lugha ya kwao. Wivine aliingia majini hadi magotini, kitenge kikilowa, mtoto akilia, roho ikiwa juu.

Kisha ncha ya mtumbwi ikanyooka. Papa René akaenda mbele, mbali kidogo, akipinda mgongo, akashika mkondo, akauacha, akageuza. Aliporudi alikuwa anahema, uso umejaa maji, na amekunja sura.

"Hii kasia ni ya mutu anayesimama," akasema. "Nitafutieni ya fupi."

Wivine alikuwa ameshatoka majini, anapanda ukingo haraka, akimuuliza mvuvi wa kwanza aliyekutana naye ni nani hapa anachonga kasia, na kama anaweza kulichonga leo.