Kiti cha Kushoto

Saa nne na dakika ishirini asubuhi, kwa saa yangu ya mkononi, askari wa barabarani alinyosha mkono nami nikasimamisha lori, maili tatu nje ya Tunduma. Nilibeba magunia ya maharage ya tajiri wangu. Juu ya magunia walikaa watu wawili: utingo, mtu mzima kunizidi, na mama mkwe wangu, aliyekuwa anakwenda Isansa kumhudumia mke wangu aliyejifungua siku tatu kabla.

Msimu ule malori yalikuwa yameongezeka, na watu walikuwa wakianguka kutoka juu ya mizigo kwenye miteremko. Ndipo ikatoka amri: juu ya mzigo akae utingo peke yake, abiria akae mbele na dereva. Amri niliijua. Nilikuwa nimeisoma kwenye ubao wa boma mara mbili, nihakikishe nimeielewa. Nilijua pia kwamba leseni yangu ilikuwa na alama mbili za makosa, na ya tatu ingeniondolea leseni.

"Mama ashuke, akae hapa," alisema askari akigonga mlango wa kushoto. Alikuwa mgeni, mtu wa pwani.

"Afande, huyo ni mkwe wangu."

"Vizuri. Basi hutamdai nauli."

"Siwezi kukaa naye."

"Kwani anang'ata?"

Wanawake waliokuwa wakipita na vikapu walicheka. Mmoja wao, wa kwetu, hakucheka.

Kwetu Wanamwanga, mume hamkaribii mama mkwe, hamtazami usoni wala hasemi naye, mpaka siku atakapoalikwa rasmi kula kwake. Lolote la lazima hupitia kwa mtu wa tatu. Mimi nilikuwa sijaalikwa.

Nikapima njia zilizokuwapo. Utingo hakuwa na leseni, hivyo hangeweza kuendesha. Kumwacha mama njiani, na binti yake anamngoja, sikuweza. Kumrudisha juu ilikuwa alama ya tatu, na askari alikwisha kufungua daftari.

Mama mkwe alikata shauri mwenyewe. Alishuka, akajifunika shuka kichwani, akaingia, akanipa mgongo na kukaza uso dirishani. Utingo akasimamisha mfuko wa chumvi katikati yetu.

"Ukuta wenu huo," alisema, akapanda juu.

Nikaendesha nikiwa nimejibana mlangoni kwangu. Shingo yangu haikugeuka kushoto hata mara moja. Kioo cha kushoto cha kutazamia nyuma kilikuwa ng'ambo ya kichwa chake. Kukitazama ni kumtazama yeye. Joto la injini lilijaa mle ndani. Nilimsikia akipumua, na bila shaka naye alinisikia. Tulikaa hivyo maili kumi na mbili.

Kisha tukafika kwenye daraja jembamba. Nguzo yake ya kushoto yeye aliiona kabla yangu. Akatoa kichwa dirishani, akapaza sauti.

"Wewe wa juu! Mwambie huyo mwenye usukani, nguzo!"

"Unasemaje, mama?"

"Nguzo! Mwambie kuna nguzo!"

Nilisikia kila neno. Lakini nilikuwa nimezoea kungoja neno la mkwe linifikie kupitia kwa mtu, na mguu wangu ulingoja. Mama alirudisha kichwa ndani. Utingo alipogonga paa ndipo nikakanyaga breki, na kioo cha kushoto kilikwisha kuvunjika, na ubao wa ubavuni kupasuka. Hakuna aliyeumia.

Kesi ilipofika barazani, bwana shauri, Mzungu wa boma, aliniuliza kupitia kwa mkalimani kwa nini sikutazama kushoto. Nilieleza kama nilivyoeleza hapa, jambo baada ya jambo. Mkalimani alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia maneno machache tu. Kiingereza changu cha kujifundisha kilitosha kuyaelewa: hana la kusema.

Alama ya tatu ikaandikwa. Leseni ikachukuliwa kwa miezi sita.

Kabla ya mwezi kwisha mama mkwe alinialika kula. Neno lake la kwanza kwangu, uso kwa uso, lilikuwa swali.

"Mwanangu, siku ile ulinisikia?"

"Nilikusikia, mama."

Akanisogezea bakuli la mboga.

Mshahara wangu ulikuwa shilingi tisini kwa mwezi, na kioo na ubao nilimlipa tajiri shilingi arobaini na tano. Jumla, kwa miezi ile sita bila kazi, nilipoteza shilingi mia tano themanini na tano.