Nilitozwa Kodi kwa Msamaha Nisioujua

Siku mtu wa ofisi ya kodi aliponiambia kwamba nimesamehewa deni, nilikuwa nimelipa rejesho la deni hilohilo juzi yake tu.

Msinicheke. Nisomeni kwanza.

Naitwa Raïssa. Wazazi wangu ni Warundi, mimi nimekulia kambini Kigoma, na shule niliiacha darasa la tano. Hapa Stockholm naishi Bredäng, nafanya usafi maofisini. Nina haya. Mtu akinikazia macho nasahau hata nilichotaka kusema.

Kwa hiyo mambo yangu yote alikuwa nayo Dada Emérithe, binti wa mama yangu mkubwa. Tulipanga nyumba pamoja, na kazini ndiye msimamizi wangu. Barua zangu anasoma yeye. Hata kwa daktari, yeye ndiye alieleza tumbo langu linavyouma, mimi nimekaa pembeni natikisa kichwa.

Mama alipougua figo kule Bujumbura, zilihitajika krona elfu thelathini. Emérithe akaenda kwa bosi wetu, Mzee Kuria, Mkenya mwenye kampuni ya usafi. Akarudi na mkopo.

"Kila mshahara unanitumia mimi elfu moja, nampelekea," akasema. "Mzee hapendi kufuatwafuatwa."

Kwangu ilikuwa nafuu. Mtu akikudai, hata salamu yake inakuwa nzito. Nikimwona Mzee Kuria anaingia mlango huu, mimi natokea ule.

Mama akafariki hata hivyo.

Nililia mpaka nikakauka, nikarudi kazini, nikaendelea kulipa. Kuna mwezi nilikwenda kazini kwa miguu kwa sababu kadi ya treni ilikuwa imeisha. Elfu ya deni sikuikosa.

Mwaka huu, mwishoni mwa kiangazi, Emérithe akasafiri kwenda Bujumbura kuezeka nyumba yake. Yeye hayupo, ikaja barua ya watu wa kodi. Nikaipiga picha nikamtumia.

Akanijibu kwa sauti, harakaharaka: "Achana nayo hiyo, ni matangazo ya serikali. Usiifungue mpaka nirudi."

Nilikuwa nimeshaifungua. Na matangazo gani yana tarehe ya mwisho ya kulipa?

Nilikuwa nadaiwa kodi ya karibu krona elfu nane.

Nikajikaza, nikaenda ofisi yao ya huduma. Dirishani alikuwa kijana anaitwa Filip. Alizungumza Kiswidi cha polepole, kama mtu anayemvusha mtoto barabara.

"Mwajiri wako alikusamehe deni," akasema. "Hapa, deni la kazini likisamehewa linahesabiwa kama mshahara. Kwa hiyo lina kodi."

"Hapana. Mimi nalipa. Ijumaa nimelipa."

"Unamlipa nani?"

Nikamwomba anichapie karatasi ambayo kampuni ilipeleka kwao. Sijui ule ujasiri niliutoa wapi.

Niliisoma kwa kidole. Jina langu, sawa. Jina la kampuni, sawa. Kiasi kilikuwa kilekile nilichokuwa nimebakiza wakati mama anafariki.

Mwezi: Februari, mwaka jana. Mwezi wa msiba.

"Na taarifa yako ya kodi uliithibitisha mwenyewe majira ya kuchipua, kwa BankID, ile sahihi ya kwenye simu," Filip akaongeza.

Nikakumbuka. Nilikuwa nakaanga ndizi, Emérithe akanisogezea simu yangu: "Weka namba zako za siri hapa, ni mambo ya kodi." Nikafuta mafuta vidoleni, nikaweka.

Mpaka hapo, nawaapia, bado sikumfikiria yeye. Nilimfikiria Mzee Kuria. Niliona huyu baba ananipiga mchana kweupe: serikalini anasema amesamehe, huku elfu yangu anaila kila mwezi.

Nikapanda treni mpaka Vällingby, kwenye kiofisi chake. Njia nzima narudiarudia maneno yangu.

"Raïssa?" akashangaa. "Leo umenikumbuka? Keti basi."

Sikuketi. Nikaweka karatasi mezani. "Mzee, kama umenisamehe, mbona unachukua hela yangu?"

"Pesa gani?"

"Elfu ya kila mwezi. Anayokuletea Dada Emérithe."

Akavua miwani taratibu.

"Msichana wangu, tangu matanga ya mama yako sijaona hata ndururu. Siku ile si nilikuja kwenu? Wewe ulikuwa umelala huko ndani. Nikasema deni la dawa lizikwe na mgonjwa. Emérithe akapiga magoti, akanishukuru kwa niaba yako. Nikampa barua akupe. Niliandika kwamba mhasibu anasema utakuja kudaiwa kodi, na ikikulemea uje tusaidiane."

"Tunaonana kazini kila wiki, Mzee. Mbona wewe mwenyewe hukuniambia?"

Akatazama meza.

"Aliniomba nisikutajie kabisa. Alisema wewe una haya sana, ukikumbushwa mama utaanguka. Na mimi nikiona vile unanihepa, nikajua ni ukweli."

Nikachukua karatasi yangu, nikarudi kituo cha treni.

Kodi ilikuwa sahihi. Kampuni ilikuwa sahihi. Kila karatasi ilikuwa sahihi. Uongo ulikuwa unalala chumba cha pili, ukiniita mdogo wangu.

Nilimpigia Emérithe nikiwa palepale kituoni. Nyuma yake nilisikia nyundo zinagonga mabati.

"Nimeonana na Mzee Kuria," nikasema.

Hakuuliza kuhusu nini.

"Nani alikupokea uwanja wa ndege?" akasema. "Nani alikutafutia kazi? Miaka yote nakusomea barua, ulidhani mimi silipwi?"

"Ungeniomba, dada. Ningekupa."

"Nikuombe wewe? Wewe uliyekuwa unanishukuru kila nikipokea?"

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo kuliko hela. Ni kweli. Kila mwisho wa mwezi nilimwandikia: asante dada kwa kunibebea mzigo.

Nimehama. Ndugu wananipigia, wanasema nimemwaibisha dada yangu kwa visenti. Hajarudisha kitu. Mzee Kuria alitaka kuilipa ile kodi yote. Nikakubali nusu, nusu nalipa mwenyewe, kwa sababu msamaha ulikuwa wangu kweli.

Na siku hiyo nilimwambia Mzee asante, kwa sauti yangu, mwaka mmoja na nusu tangu anisamehe. Alitoa leso akageukia dirishani.

Wewe mwenye haya kama mimi, sikia. Ukidaiwa, kalipe mwenyewe. Ukisamehewa, kashukuru mwenyewe, hata kama sauti inatetemeka. Shukrani ukimpa mtu akubebee, atakula na msamaha.