Mgeni wa Mfalme wa Pau

Siku moja tu baada ya kumwambia mama asihame, mwanamke aliyetusomea karata alihama yeye. Nilimwona kwa macho yangu asubuhi. Alikuwa amekunja godoro na kulifunga kwa kamba ya mkonge, sufuria amezitia ndani ya karai, na buibui lake amelipandisha hadi magotini kwa sababu ya tope. Hakutazama upande wa nyumba yetu.

Hii ilikuwa kijijini kwetu Wema, mwaka wa mvua za Elnino. Zilianza kama vuli ya kawaida, kisha zikakataa kukatika. Mto ulipita kingo zake, ukaingia kwenye mpunga, ukafika kwenye migomba. Vijana walikuwa wamechomeka fito kando ya njia ya kuteremkia mtoni, na kila aliyepita alisimama kuangalia maji yamefika wapi. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nangoja matokeo, na kwa kuwa sikuwa na kazi kubwa nilikwenda kuzitazama fito zile mara nyingi kuliko ilivyonifaa.

Majirani walikuwa wanahamia Garsen, kwenye mwinuko. Mama hakutaka. Baba alikuwa amepeleka maembe mjini Madogo kwa lori la mfanyabiashara mmoja, na barabara ikakatika nyuma yake. Hatukuwa na habari yake yoyote. Mama alimjua mumewe: akirudi hataulizia mtu, atakuja moja kwa moja nyumbani, hata kama ni kwa kupita majini. Na baba hakujua kuogelea, jambo ambalo watu wa mtoni walimtania nalo tangu ujana wake.

"Nikiondoka, atakuja kufa maji akitafuta nyumba tupu," mama aliniambia. "Nikikaa, tutakufa sisi."

Mjomba, kaka yake mama, alipita na baiskeli iliyobeba vitanda viwili.

"Dada, unangoja mpaka kuku waanze kuogelea?"

"Kuku wangu wana akili kukushinda."

"Basi mwulize jogoo shemeji anarudi lini."

Mama alicheka, lakini mjomba alipopotea kwenye kona niliona anafutafuta mikono yake kwenye kanga, na mikono ilikuwa mikavu. Mchana ule ule aliamua kwenda kwa msomaji karata. Mama alikuwa mwimbaji wa kwaya kanisani, kwa hiyo tulipita njia ya nyuma, na kibaba cha mchele cha kumlipa alikificha chini ya kanga.

Mwanamke huyo alikuwa mtu wa Kipini. Aliolewa Wema, mume akafa, akabaki. Asubuhi aliuza mahamri, mchana alisoma karata. Nilishawahi kuketi naye, maana jirani yetu mmoja alipenda nimsindikize. Karata zake zilikuwa za kuchezea tu, zimelainika hadi pembe zimekuwa duara. Lakini hakuzisoma moja moja. Alizilaza mbili mbili juu ya mkeka: ya kushoto aliiita mwenyeji, ya kulia mgeni. Mwenyeji ndiye mtu anayeulizwa habari zake, mgeni ndilo jambo linalomfikia.

"Karata moja hainambii kitu," alimweleza jirani yetu. "Ni kama kumwona mtu kasimama mlangoni. Hujui anaingia au anatoka."

Malkia wa kopa akiwa na nne ya uru ni mwanamke anayeletewa kheri. Malkia huyo huyo akiwa na tatu ya shupaza ni mwanamke anayesengenywa. Mpangilio ule ulinipendeza, nikaanza kuzikariri jozi zake kama nilivyokariri kemia shuleni. Jozi moja nilikuwa na hakika nayo kabisa. Mwanamume yeyote akipata mgeni tisa ya shupaza, basi huyo amezuiwa, asingojewe. Alimwambia jirani yetu hivyo kuhusu mwanawe aliyekwenda Mombasa, na jirani akalia njia nzima.

Chumba kilinuka mafuta na nguo mbichi. Mama alieleza shida yake.

"Mumeo mweusi, au maji ya kunde?"

"Mweusi. Mkulima."

"Basi tumtafute mfalme wa pau."

Alizichanganya, mama akakata kwa mkono wa kushoto. Jozi ya kwanza ilikuwa malkia wa kopa na mbili ya uru. "Huyu ni wewe, mwanangu. Una habari ndogo iko ndiani, yaya." Alizungumza hivyo, kwa lafudhi ya kwao, njia ikiwa ndia na kuja ikiwa kuya. Jozi ya pili, mwenyeji alipofunuliwa, alikuwa mfalme wa pau. Mama alinishika goti. Kisha ikafunuliwa ya kulia, na nikaiona kabla yake: tisa ya shupaza.

Yule mwanamke aliipangusa karata kwa kidole kana kwamba imeingia vumbi, ingawa mwezi ule hapakuwa na vumbi popote Wema. Alitazama mlangoni, ambako maji ya mvua yalikuwa yanachimba mfereji kupita kizingiti.

"Aya," alisema. "Anakuja. Msihame, asikute nyumba tupu."

"Una hakika, bi mkubwa?"

"Mimi nasoma, mwanangu. Siandiki."

Tulipotoka nilingoja tufike mbali kidogo.

"Mama, ile jozi sivyo ilivyo. Kwa jirani alisema mtu amezuiwa."

"Kwani ulifundishwa karata shuleni?"

"Nilisikia."

"Basi kaa na ulichosikia."

Lakini mwendo wake ulipungua. Jioni alitia chumvi kwenye mboga mara mbili, tukaila hivyo hivyo.

Ndipo asubuhi nikamwona yule mwanamke na godoro lake. Mama alitoka akiwa na ungo mkononi, akasimama karibu nami. Tulimtazama mpaka akapotea kwenye kona.

"Jana kaniambia nikae," mama alisema.

"Ndiyo."

"Leo anaondoka."

"Ndiyo, mama."

"Basi neno la jana lilikuwa mwenyeji." Aliweka ungo chini taratibu. "Huyu anayekwenda na godoro ndiye mgeni wake. Funga kuku."

Nilimwuliza, na baba je? Alichukua kanga yake ya njano, ile aliyoivaa kanisani, akaifunga kwenye komeo la mlango ili baba akifika ajue kwamba tuliondoka wenyewe, hatukuchukuliwa na maji. Aliifunga, akaifungua, akaifunga tena kwa fundo kubwa zaidi. Kumaliza kufunga vyombo kulituchukua asubuhi yote. Njiani maji yalitufika magotini mahali ambapo juzi palikuwa pakavu, na kila baada ya hatua chache mama aligeuka kutazama tulikotoka.

Garsen, watu walikuwa wamewekwa shuleni. Tulipofika langoni, mtu mmoja aliyejaa tope hadi kifuani alitujia akipaza sauti.

"Mlikuwa wapi? Nimezunguka mji mzima!"

Mama aliwaachia kuku wakaanguka chini, miguu imefungwa. Alikuwa baba. Lori lilikwama, akatembea na wachungaji wa Kiorma waliokuwa wanapeleka ng'ombe mahali pa juu. Kwenye laga moja, kijito cha msimu kilichofurika, alivuka kwa kushika mkia wa ng'ombe. "Wale ng'ombe wanajua kuogelea kunishinda," alisema, akitaka tucheke.

Mama hakucheka. "Umejuaje kwamba tunakuja huku?"

"Nilikuwa nateremka nyumbani leo asubuhi. Pale njia panda nimekutana na yule mama wa karata, kabeba godoro. Akaniambia, usiende kule, watu wako wamehama, wako Garsen tangu jana. Nikageuza."

"Kasema jana?"

"Jana. Nilimwuliza mara mbili."

Mama alinitazama. Wakati yule mwanamke anafika njia panda, kuku wetu walikuwa bado wanadonoa uani.

Maji yalilala Wema kwa wiki nyingi. Yalipoondoka, kibanda cha msomaji karata kilikuwa rundo la udongo na kanga ya njano haikuwapo kwenye komeo. Wengine walisema yule mwanamke amerudi Kipini, wengine Lamu. Mama alimtumia salamu kwa kila aliyekwenda upande huo, na hazikujibiwa. Mjomba anasema yule mwanamke alizitazama fito kama sisi sote, akaogopa, na mengine yote ni porojo. Baba anasema aliokolewa na mwongo. Mama, akiulizwa, hubadilisha mazungumzo. Mimi najua yule mwanamke alichomwambia mama na alichomwambia baba, maana kimoja nilikisikia mwenyewe na kingine nilisimuliwa siku hiyo hiyo. Ila kipi kati ya hivyo viwili alikiona kwenye mkeka, pale alipoipangusa tisa ya shupaza isiyo na vumbi, sijapata wa kumwuliza.