Mrija wa Gervais

Jirani aliyeninyang'anya mume hupika pombe ya ndizi akiimba Kirundi kwa sauti nzito. Zamani aliniita dada, na sote watatu, pamoja na mume wangu Gervais, tulinywa chungu kimoja, kila mtu na mrija wake. Baadaye Gervais alikwenda migodini ng'ambo, akaongoza mgomo wa wachimbaji, na sasa kahukumiwa kunyongwa. Kila Jumapili jirani humchomekea mrija wake chunguni. Mlevi akiugusa, anafokewa: "Acha, mwenyewe anarudi!" Jana sisi Warundi wa Katumba tuliandamana hadi Mpanda mjini kupinga hukumu ile. Wenzetu walibeba mabango, yeye alibeba mrija. Tulipofika alinigeukia, akaninyooshea mrija kwa mikono yake yenye makovu ya moto. "Dada, nishikie." Nikaushika, nikapaza sauti kuita jina la Gervais, ambalo sikuwa nimelitamka tangu anihame.