Kibali cha Mgiriki na Ngozi ya Baba

Sitaki kujifanya mtu mwema hapa. Yule Mgiriki nilimchukia, nikamngoja, na siku alipoingia mikononi mwangu nilimshika sawasawa. Wanaonijua kanisani watashangaa. Washangae tu.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani katika ofisi ya serikali pale Bomani, Tarime. Kaptula nyeupe, soksi hadi magotini, kalamu mbili mfukoni. Mgiriki alikuwa na duka mtaa wa pili, na mle dukani alinunua pia ngozi za ng'ombe kwa niaba ya rafiki yake wa Musoma. Kabla sijaajiriwa, baba yangu alitoka Nyamongo kwa miguu akampelekea ngozi ya dume tulilochinja kwenye msiba wa bibi. Alikuwa ameichuna mwenyewe, na macho yake yalikwisha kuanza kufifia, kwa hiyo kisu kilitoboa mahali patatu. Mnunuzi mwingine angesema haifai, yakaisha. Huyu alipitisha mkono kwenye tundu, akachezesha vidole upande wa pili, akawauliza wateja, "Amechuna huyu mzee au fisi?" Duka zima likacheka. Kisha akaitundika ngozi barazani kwake, matundu yakitazama barabara, eti iwe fundisho kwa wachunaji wengine. Baba alirudi nyumbani hakusema neno. Mimi niliikuta bado inaning'inia nilipokuja mjini kutafuta kazi, na waliokaa pale barazani wakanisimulia kisa chote huku wanajishika mbavu, hawajui mimi ni mtoto wa nani. Nilicheka nao. Hilo nalo sijamsamehe.

Sasa sikiliza. Kibali cha Mgiriki cha kuishi na kufanya kazi nchini kilimtaja kuwa mwenye duka, basi. Mwaka wangu wa tatu ofisini alikuja na karatasi zake: amefungua kampuni mbili nyingine, zote za Nyamongo. Moja ya kununua ngozi kwa jina lake mwenyewe, ya pili ya mashine ya kusaga nafaka. Mashine yenyewe ilikwisha shushwa Musoma. Lakini mpaka kampuni hizo ziandikwe kwenye kibali, akionekana anazisimamia angefungishwa virago arudi kwao. Na sharti lilikuwa hili: wazee watano wa Nyamongo watamke mbele ya chifu kwamba hawana kipingamizi, watie dole gumba kwenye fomu, na fomu ipite kwangu ifike makao makuu kabla miezi mitatu haijaisha.

"Karani," akaniuliza, "wewe si wa Nyamongo? Niwaone wazee gani?"

Loh! Moyo wangu ulicheza ngoma. Nikamwandikia majina matano kwa mwandiko wangu mzuri kabisa. Wote walikuwa wa rika la baba.

Kwetu Wakurya, waliotahiriwa msimu mmoja ni kitu kimoja hadi kaburini. Ukimtukana mmoja umewatukana wote, wala hawahitaji kikao ili wakasirike. Mgiriki alikaa Tarime miaka yote ile na hilo hakulijua. Alijua bei ya ngozi, rika hakulijua. Akapakia sukari na mablanketi, akaenda. Wazee wakapokea, wakashukuru, wakampa uji, wakasema watafikiri.

Akarudi anameremeta. "Wamekubali!"

"Vizuri sana, bwana. Naomba fomu."

Fomu tupu. Alikwenda tena, na tena. Kila mara uji, kila mara watafikiri. Kola za mashati zikaanza kumpwaya, nami kila akiingia nilimwekea kiti, nikampangusia vumbi, nikamuuliza hali ya nyumbani. Siku moja alipiga meza yangu kwa kiganja: "Wanataka nini watu hawa?"

"Wazee wetu hawana haraka, bwana," nikamjibu. Usingizi wa siku ile ulikuwa mtamu ajabu.

Mwishowe chifu alimhurumia, akamwambia aende kwa mwenye ngozi. Akaenda. Niliambiwa alikaa chini, mavumbini, uani kwa baba, akaomba radhi mbele ya rika lote mpaka jua likachwea. Na baba, mtu wa ajabu yule, akasamehe.

Siku ya gari la mwisho la barua kabla ya ile miezi mitatu kuisha, saa sita mchana, baba mwenyewe aliingia ofisini kwangu, fomu mkononi. Nilisimama.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Nimeomba niilete mimi, ujue yamekwisha." Akaiweka mezani. Madole matano, na la kwanza lilikuwa lake. "Itume leo. Mama yako na wenzake wamekwisha safisha mahali pa kuweka mashine. Wanaimba huko."

"Nitaituma, Baba."

Gari la barua liliondoka saa tisa. Nilikuwa nimeketi palepale nikalisikia likiondoka, na fomu iko chini ya majalada yangu, nilikoiweka kwa mkono wangu. Nani alimpa baba ruhusa ya kusamehe? Waliochekwa tulikuwa wawili! Niliipeleka wiki iliyofuata, imepigwa mhuri vizuri, haina kasoro.

Jibu likaja: fomu imechelewa, kibali kinabaki cha duka peke yake. Mgiriki alililaani gari la barua mtaani kama mwendawazimu. Mashine akawauzia watu wa ng'ambo ya mpaka, na kabla mwaka haujaisha duka nalo likafungwa. Siku alipoondoka nilikunywa chai ya maziwa na maandazi manne.

Krismasi nikaenda nyumbani. Mama nilimkuta amepiga magoti kwenye jiwe la kusagia, anasaga ulezi kwa ajili yangu, goti moja limevimba hivi. Alinikaribisha kwa furaha, akasonga ugali, akatuandalia mimi na baba. Kisha akakaa chini akilikanda goti lake, akasema, "Mwanangu, wewe uko huko ofisini. Aliyeichelewesha ile karatasi, yeyote yule, Mungu amnyime raha. Amnyime mpaka kwa watoto wake."

Kwetu, kauli ya mama ikishatoka haifutiki. Hata yeye mwenyewe hawezi kuirudisha, na sikuthubutu kumwambia ameielekeza wapi.

Baba alinitazama kwa yale macho yake mabovu, akanitazama sana. Akanawa mikono bila kugusa chakula, akatoka nje.

"Kula, mwanangu," mama akasema. "Kitapoa."

Nikamega tonge, nikala.